Deni Likiisha, Ndipo Pikipiki Inapokuwa Yako

Wanangu, kuna jambo nimelitazama kwa miaka katika steji za bodaboda za Arua na Koboko, huku West Nile, Uganda, na leo nalisema bila kulifunika. Kijana anachukua pikipiki mpya ya Boxer kwa mkopo. Analipa kila wiki, iwe mvua, iwe jua, mpaka deni linakwisha. Anapewa kadi yake, wenzake wanampongeza, na baada ya muda mfupi ameiuza kwa bei ya kutupa na kujitia katika mkopo mwingine. Ukimwuliza sababu, anasema, "Mzee, ile imechoka." Inakula oili, inagonga, haipandi mlima na abiria wawili. Aliyeinunua anaifungua, anatia ringi mpya, anaosha kabureta, anarekebisha valvu, kisha anasomesha watoto kwa pikipiki hiyohiyo miaka mingi bila kudaiwa na mtu.

Wakati wa mkopo ulikuwa ukimfanyia kazi mwenye fedha. Shilingi ya kwanza iliyo yako kweli unaipata siku deni linapokwisha, na siku hiyo pikipiki tayari ina umri. Anayejua kuitunza mashine yenye umri ndiye anayekula jasho lake. Nataka vijana wangu muijue kazi hii, na mnisikie vizuri nyinyi binti zangu mnaoendesha pikipiki kwenda kufundisha, kwenda zahanati na kwenda sokoni. Spana haiulizi imeshikwa na nani.

Wazee wenu tulijifunza kwa kulazimika. Idi Amin alipoanguka mwezi wa Aprili 1979, na vita vikatufikia huku mwaka uliofuata, watu wa West Nile kwa maelfu walivuka mpaka kwenda Zaire na Sudan. Huko ukimbizini spea ilikuwa kitu cha kusikia tu. Mwenye pikipiki aliifungua mwenyewe, akakipangusa kila kipande, akakitazama kilivyochakaa, akakirudisha mahali pake. Tuliporudi nyumbani, mashine zilizotuzunguka zilikuwa za misheni, za serikali na za mashirika: Yamaha AG100, Yamaha DT125, Honda XL125. Anayeijua AG anakumbuka cheni yake ilivyofungiwa yote ndani ya mfuniko. Wale Wajapani waliiunda kwa ajili ya mashamba, wakijua vumbi na matope vinamaliza cheni kabla ya kilomita kuimaliza. Leo mfuniko wa cheni ndio kitu cha kwanza kijana anachokitupa, eti unapiga kelele.

Na kuna Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Kabla yake Honda walikuwa na injini ndogo zenye cheni ya taimingi inayopanda hadi kichwa cha silinda, na waliona zinakufa mapema katika nchi kama zetu, ambako mzigo ni mzito, oili haibadilishwi na kichungi cha hewa kimeng'olewa. Wakaunda injini ambayo kemshafti yake iko chini, na fimbo mbili za chuma ndizo zinazofanya kazi ya kufungua valvu huko juu. Cheni ya taimingi ya kulegea haipo. Marekebisho yake mengi unayafanya kwa spana chache tu. Pikipiki nyingi za Kichina mnazoziona zikipita Oraba na Vurra zimebeba injini iliyoigwa kutoka kwa CG hiyo, jina lolote liandikwe kwenye tanki. Ukiijua moja, umezijua nyingi. Boxer ya Bajaj, inayotoka India, ni ukoo mwingine: kemshafti yake iko juu na ina cheni ya taimingi, kwa hiyo oili chafu inaiumiza upesi zaidi. Kwanza ujue injini yako ni ya ukoo gani, kabla hujashika chombo chochote.

Sasa nianze na vumbi, maana kwetu vumbi linaua injini kuliko umri. Barabara kubwa kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba ni ya lami, lakini mnajua wenyewe kwamba fedha nyingi iko kwenye moramu: njia za Terego, Rhino Camp, Lobule, Bidibidi. Kiangazi kikishika, kuanzia Desemba, mtu akipita na lori mbele yako huoni hata usukani wako. Vumbi lile ni mawe yaliyosagika. Likipita kwenye kabureta linaingia kati ya ringi na ukuta wa silinda, na kila pistoni inapopanda na kushuka linasaga chuma. Baadaye unaona moshi wa bluu nyuma, oili inapungua, nguvu zinapotea, na unasema mashine imezeeka. Haikuzeeka. Imekula mchanga.

Kuna wanaokitoa kichungi kabisa kwa sababu bila hicho pikipiki "inavuta". Inavuta kweli, kwa muda. Ukisikia fundi anakushauri hivyo, lipa alichofanya na usirudi kwake. Kichungi cha sponji kioshe kwa mafuta ya taa au kwa maji ya sabuni, kikamue kwa kukibana katikati ya viganja viwili bila kukisokota, maana ukikisokota kinachanika ndani usipoona. Kianike kivulini kikauke kabisa. Kisha kimwagie oili safi kidogo, ukibane tena mpaka isidondoke. Oili hiyo ndiyo inayoshika vumbi. Sponji kavu inapitisha vumbi laini. Petroli usiitumie kukioshea, inakula gundi na inaweza kukuunguza. Kichungi cha karatasi hakioshwi: kigongegonge taratibu vumbi lidondoke, na kikishika weusi kibadilishe. Ukimaliza, tazama mpira unaounganisha sanduku la kichungi na kabureta. Ukiwa na ufa, umefanya kazi bure, maana hewa itapita kwenye ufa na vumbi lake lote. Katika kiangazi fanya hivi kila wiki. Mvua zikianza unaweza kupumzika kidogo.

Kinachofuata ni oili, na hapa vijana mnajidanganya sana. Injini ndogo kama CG inabeba oili ya karibu lita moja tu. Oili hiyohiyo inalainisha pistoni, inaogesha gia, na klachi nayo imezama humohumo. Kwenye gari kazi hizo zimegawanywa. Kwenye pikipiki kiasi kidogo hicho kinafanya yote, tena mchana wa jua kali, na gunia la muhogo liko nyuma. Mtu anayefanya safari za Arua na Koboko, kama kilomita 55 kwa kwenda tu, anamaliza maisha ya oili kwa wiki chache tu. Ukifika kilomita 1,500 imwage. Usingoje iwe nyeusi kama lami.

Imwage injini ikiwa na joto, ili uchafu utoke nayo. Chukua kidogo uisugue kati ya vidole chini ya jua. Ukiona mng'ao mwembamba, ni kuchakaa kwa kawaida. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika, usiwashe tena mpaka umejua vimetoka wapi. Kwenye CG na ndugu zake kuna chujio la waya chini, limewekwa na springi. Lioshe, wengi hawajui hata kama lipo. Ukinunua oili, hakikisha muhuri wa kopo haujaguswa, na usome maandishi: ya pikipiki huandikwa JASO MA. Oili nyingine za magari zina dawa ya utelezi inayofanya klachi iteleze, kisha unabadilisha sahani za klachi ambazo hazikuwa na kosa. Ukipima kwa kijiti, pikipiki isimame wima mahali tambarare. Kwenye Honda kijiti unakichomeka tu bila kukifunga, ndipo unasoma.

Tuje kwenye valvu, kazi ambayo vijana wengi wanaiogopa na ambayo mtu makini anaweza kuifanya kwenye uwanja wa nyumba yake. Fanya asubuhi, kabla injini haijawashwa. Injini iliyotoka safari haikupi kipimo cha kweli. Toa plagi ili iwe rahisi kuizungusha, fungua vifuniko vya valvu, zungusha magneti mpaka alama ya T ikutane na alama ya kwenye mwili wa injini, na uhakikishe roka zote mbili zinacheza kidogo ukizishika. Kama moja imebana, zungusha mara moja tena. Kwa CG nafasi ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Kwa nyingine soma kitabu chake au uliza anayejua kwa hakika; usikisie. Geji ya kupimia ipite ikiwa na mkwaruzo mdogo, kama karatasi inavyovutwa chini ya kitabu. Funga nati, kisha pima tena, kwa sababu nati ikikazwa huwa inasogeza.

Watu wanafurahia injini iliyo kimya. Mimi injini kuukuu ikinyamaza ghafla inanitia wasiwasi. Valvu yenye nafasi kubwa inalia, inakuita uje uirekebishe, na haiharibu kitu haraka. Valvu iliyobana hailii hata kidogo. Haikai vizuri kwenye kiti chake, moto unapita pembeni, inaungua. Unakuja kugundua siku unapiga kiki na mguu haupati upinzani wowote. Basi ukiwa na shaka kati ya kubana na kulegeza, legeza kidogo.

Petroli ina historia yake kwetu. Vijana waliorudi kutoka ukimbizini bila kazi ndio walioanza kuvusha mafuta kutoka ng'ambo ya mpaka na kuyauza kwa madumu kando ya barabara za Arua, wakajulikana kama OPEC Boys. Nyumba nyingi hapa zilijengwa kwa madumu hayo, wala siwezi kumdharau mtu aliyetafuta riziki wakati hakukuwa na riziki. Lakini dumu ni dumu. Limebeba maji, limebeba kutu, na wapo wanaochanganya mafuta ya taa. Tone moja la petroli safi kwenye karatasi linakauka na kupotea. Lenye mafuta ya taa linaacha doa la mafuta. Kuchuja kwa kitambaa kunazuia takataka, maji hakuyazuii. Kwa hiyo funga kichujio kidogo kwenye mpira wa petroli, ni kitu cha bei ndogo, na mara kwa mara fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, umwage kidogo kwenye kikopo. Maji utayaona chini, yamejikunja kama shanga. Injini ikikataa kuwaka baada ya mvua, anza hapo kabla hujalaumu koili. Ukilazimika kufungua kabureta, vile vitundu vidogo vya shaba visafishe kwa kupuliza, au kwa unyoya laini. Waya wa chuma unavipanua, na baada ya hapo pikipiki itakunywa petroli daima.

Cheni haina maneno mengi. Isafishe, ipake oili safi, iache icheze sentimita mbili hadi tatu katikati, na ipime mtu akiwa ameketi juu. Oili iliyotoka kwenye injini usiipake, imejaa chuma. Cheni mpya kwa sproketi zilizochongoka ni fedha iliyotupwa, vibadilishe pamoja. Spoku zigonge moja moja kwa spana: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti mfu. Kwa anayebeba mkaa na matofali, hiyo ni kazi ya kila Jumapili. Ukifungua breki za nyuma, usipulize vumbi lake kwa mdomo. Vitambaa vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi hilo likiingia kifuani halitoki. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Kuhusu vyombo, nunua vichache vilivyo vizuri. Spana za 8, 10, 12, 14 na 17, spana ya plagi, geji ya valvu, pulaya, na bisibisi. Bisibisi hii ina siri yake. Skrubu za msalaba za pikipiki za Kijapani zimechongwa tofauti kidogo na bisibisi zinazouzwa madukani. Ya kawaida haikai mpaka chini, inaruka na kula kichwa cha skrubu, kisha kijana anachukua patasi na nyundo, na kifuniko cha injini kinapasuka. Tafuta ncha inayojaza tundu lote, iweke, igonge kidogo juu kwa nyundo ili skrubu ishtuke, kisha ibonyeze kwa uzito wa mwili unapozungusha. Ikikataa, ipake oili nyepesi uiache mpaka kesho. Mwili wa injini ni wa aluminiamu, boliti ni za chuma. Ukikaza kwa hasira aluminiamu ndiyo inayoshindwa, na fundi wa mashine ya kukereza atakulipisha zaidi ya spea yenyewe.

Fanya kazi juu ya gunia safi au turubai, na kila ulichotoa kipange kwa mstari kadiri ulivyokitoa. Kazi hii iwe mbali na sigiri. Petroli ya kuoshea usiiweke kwenye chupa ya maji au ya soda, hata kwa dakika moja, hata kama unairudia sasa hivi. Mtoto mwenye kiu hasomi. Oili chafu ikusanye kwenye dumu. Anayeimwaga mtaroni Arua ajue inakwenda katika mto Enyau, na mji umetegemea maji yake kwa miaka mingi.

Kuna kazi zisizo zako, na kuzijua ni sehemu ya ufundi. Kuchonga silinda, kubadilisha beringi ya fimbo ya pistoni, kunyoosha foku iliyopinda au chesisi iliyopasuka, peleka kwa aliye na mashine za kazi hiyo. Keti pale, tazama, uliza kwa adabu. Makanika mzuri hamchukii mteja anayejua. Anamchukia anayekuja na injini iliyokatwa skrubu zote na kudai bei ya rafiki. Mlipe kamili. Siku utakapokwama gizani njiani ukirudi kutoka Ariwara, upande wa Kongo, namba yake ndiyo utakayoipigia.

Na uandike. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la shule, andika tarehe, kilomita, ulichobadilisha na bei yake. Kama kipima kilomita kimekufa, kebo yake ndiyo iwe spea ya kwanza kununua. Bila kipimo unaongozwa na kubahatisha. Baada ya mwaka daftari litakuonyesha kama mashine inakulisha au unailisha, na litakuambia kwa tarakimu kama inafaa kuendelea nayo. Wapo watakaokuta kwamba haifai, na hapo kuuza ni akili. Lakini auze kwa hesabu yake mwenyewe, asiuze kwa sababu ya maneno ya steji.

Kwa anayetaka kununua iliyotumika, kumbuka tunakaa penye mipaka mitatu. Pikipiki inaweza kulala Kongo leo na kesho iko Koboko. Kabla hujatazama rangi au kusikiliza injini, piga magoti usome namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu na namba ya injini, ulinganishe na kadi. Ikiwa imekwaruzwa au haifanani, ondoka, hata bei iwe tamu namna gani.

La mwisho ni kwa wale wenye mashine iliyolala nyuma ya nyumba, ya baba au ya mjomba, imeegemea mwembe na kuku wanaatamia chini yake. Usiipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla hujaipa siku moja. Mwaga petroli yote ya zamani, imeshakuwa gundi. Toa plagi, tia vijiko viwili vya oili ndani ya silinda, iache usiku kucha, kisha weka gia ya juu na uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono, taratibu. Ikizunguka, una injini. Osha kabureta na tanki, badilisha oili, osha kichungi, tazama kama plagi inatoa cheche. Spea za CG na za Boxer zinapatikana Arua, na za AG na DT zinatafutwa kwa subira. Anayeshindwa mahali asione haya kuja kuuliza kwa wazee waliozifungua hizo mashine kabla hajazaliwa. Tuko bado, na mikono yetu ingali inakumbuka. Njooni tukiwa tungali na macho ya kusoma geji.